Nyumba ipo msituni: namna ya kupanga nje bila kuua miti

Watu wengi wakipata kiwanja chenye miti, cha kwanza wanaita greda, afu wakishafyeka kila kitu ndo wanaanza kutafuta miche ya kivuli. Mi kazi hii naifanya kinyume.

Hatua ya 1: usinunue kitu kwanza. Subiri mvua kubwa, vaa buti, toka nje ikiwa inanyesha hivyohivyo uangalie maji yanatoka wapi, yanatuama wapi, yanakatisha wapi. Chomeka vijiti. Hiyo ndo ramani yako.

Hatua ya 2: zungushia miti uzio kabla fundi hajaleta hata toroli. Mizizi mingi haiendi chini sana kama watu wanavyodhani, iko kwenye sentimita 60 hivi za juu na inatambaa kupita hata pale matawi yanapoishia. Kuna kazi moja niliruhusu lori la mchanga lipaki chini ya mti mkubwa, wiki mbili tu, gome halikuguswa wala nini, msimu wa tatu naitwa nakuta matawi ya juu yamekauka na pale chini ukipiga sururu inadunda. Udongo ukishashindiliwa hivyo hewa na maji havipiti, mizizi inakosa pumzi. Kwa hiyo uzio uwe nje ya kivuli cha mti, na humo ndani hakuna kuchanganya zege, hakuna kumwaga maji ya rangi, na kifusi kisirundikwe shinani.

Hatua ya 3: maji ya paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 ni lita 2,000, sasa ukiziachia zote zitoke kwenye bomba moja unategemea nini kama si korongo? Weka tangi, yanayofurika yapeleke kwenye bonde dogo lenye mimea, mbali na msingi. Kabla ya kulichimba jaribu shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha jaza tena, ukikuta kesho yake bado yapo tafuta sehemu nyingine. Na ukichimba mtaro wa kupeleka hayo maji ukakutana na mzizi mnene, kunja mtaro, usikate.

Hatua ya 4: njia. Usichimbe, mwaga vipande vya mbao juu ya ardhi, basi. Zege halipitishi maji.

Hatua ya 5: majani makavu usichome, ndo mbolea hiyo, na ndo matandazo ya kufunika udongo. Unene wa sentimita 5 mpaka 10 unatosha, ila yasiguse shina maana gome litaoza. Ila sasa ukutani ni habari nyingine: mita 1.5 kuzunguka nyumba weka kokoto tupu, hakuna majani, hakuna kuni, na gata zisafishwe, maana moto wa msitu mara nyingi unaingia nyumbani kwa cheche zinazorushwa na upepo, zikatua kwenye vitu kama hivyo.

Kupanda naweka mwisho makusudi. Ng'oa kwanza mimea vamizi, afu ukae msimu mmoja uone kinachoota chenyewe, mara nyingi nusu ya miche uliyotaka kununua inajileta. Inayobaki chukua ya asili ya msitu huohuo, tena midogo, shimo lake halisumbui mizizi ya wakubwa.

Mti uliokufa ukiwa hauwezi kuangukia nyumba wala njia, uache hapohapo. Ndege watatoboa viota.