Namna ya kusoma utafiti wa mimba na watoto wachanga bila kuingizwa mkenge

Kila baada ya muda kuna mtu anatupia linki kwenye grupu, eti utafiti umegundua dawa fulani ukimeza na mimba inaharibu mtoto, na dakika mbili baadaye grupu zima linawaka moto. Mmoja anasema yeye aliitumia na mwanae yuko fresh, mwingine ndo kwanza ana miezi minne na jana usiku kaimeza, sasa hapati usingizi. Na ukiuliza nani kaufungua ule utafiti wenyewe, kimya. Sasa ngoja nikuoneshe jinsi ya kuufungua na kuusoma, hata kama hesabu ulizitupa zamani, maana kazi kubwa wala sio hesabu, kazi kubwa ni kuuliza nani kahesabiwa na kaanza kuhesabiwa lini.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: kama una mimba na kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, unatokwa damu au mtoto kapunguza kucheza, funga simu nenda hospitali, utafiti utausoma ukirudi. Na dawa uliyoandikiwa usiiache kisa kichwa cha habari.

Usianzie kwenye hitimisho

Watu wengi wanasoma kichwa, wanasoma sentensi ya mwisho ya muhtasari, wamemaliza. We nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza utafiti ulifanywaje, halafu tafuta maana ya maneno waliyoyatumia. Mtoto njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Uzito pungufu ni chini ya gramu 2500. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya kila siku, lakini mtoto wa wiki 39 mwenye gramu 2300 sio njiti, na wa wiki 36 mwenye gramu 2700 ni njiti kabisa, na matatizo yao hayafanani. Kifo cha mtoto mchanga kinahesabiwa ndani ya siku 28 za kwanza. Kifo cha uzazi cha mama ni wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya mimba kuisha, kikitokana na ujauzito wenyewe au ugonjwa uliozidishwa nao, sio ajali ya barabarani.

Panapoleta vurugu zaidi ni mtoto kuzaliwa mfu. Shirika la Afya Duniani likilinganisha nchi na nchi linahesabu kuanzia wiki 28, ila kuna nchi zinaanzia wiki 20, nyingine 22, nyingine 24. Kwahiyo ukiona nchi moja inaonekana vibaya kuliko nyingine, angalia kwanza, inawezekana yenye namba kubwa ndo inahesabu kwa uaminifu zaidi, mwenzake vifo vya wiki 23 anaviita mimba zilizotoka na haviingii popote.

Halafu hizo wiki zenyewe walizijuaje? Kama ni kwa ultrasaundi ya mapema, miezi mitatu ya kwanza, safi. Kama ni kwa mama kukumbuka siku ya mwisho kuona siku zake, au ultrasaundi iliyopigwa mimba imeshakua, makosa ya wiki mbili na zaidi ni ya kawaida, na mtoto mdogo wa umbo anaweza kuandikwa njiti wakati muda wake ulitimia.

Uliza: kati ya wangapi?

Vifo vya uzazi vinaandikwa kwa kila vizazi hai 100,000, vya watoto wachanga kwa kila vizazi hai 1,000, waliozaliwa wafu kwa kila vizazi vyote 1,000, hai na wafu pamoja. Ukichanganya hapo umeshapotea.

Ila la muhimu zaidi ni nani hayumo kabisa kwenye hesabu. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali kubwa ya rufaa utakuta kifafa cha mimba na damu nyingi baada ya kujifungua kwa wingi wa kutisha, kwa sababu wanaofika pale ni wale walioshindikana kwingine, waliojifungua salama kwenye zahanati hawamo. Na utafiti unaoangalia watoto waliozaliwa hai tu unaweza kuisafisha dawa mbaya bila kujua, maana kama dawa inatoa mimba mapema, watoto wale walioathirika zaidi hawakufika hata siku ya kuhesabiwa.

Sasa njoo kwenye muda, hapa ndo watu wanapigwa chenga

Mfano wangu wa siku zote ni huu. Unakuta utafiti unasema akina mama waliohudhuria kliniki mara chache wana hatari kubwa sana ya kuzaa njiti. Kila mtu anatikisa kichwa, unaona sasa, wanawake hawaendi kliniki. Subiri kwanza. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ni mahudhurio 8: la kwanza ndani ya wiki 12, halafu wiki 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Chukua mama aliyeshikwa na uchungu ghafla akajifungua wiki ya 31. Alienda wiki ya 12, ya 20, ya 26 na ya 30, hakukosa hata moja, yaani mama wa mfano kabisa, na bado kwenye daftari ana mahudhurio 4 tu. Mwenzake kajifungua wiki ya 41, karuka kliniki mbili kwa uvivu, ana 6. Ukiwaweka kwenye jedwali, aliyehudhuria zote anaonekana mzembe na aliyeruka anaonekana afadhali! Hapo sio mahudhurio machache yaliyoleta njiti, ni njiti aliyekatisha mahudhurio.

Ukishaliona hili mara moja utaliona kila mahali. Kilo alizoongezeka mama, idadi ya vidonge vya kuongeza damu alivyomeza, mara ngapi alipimwa presha, vyote hivi vinaongezeka kadiri mimba inavyokaa. Ukikuta vimeunganishwa na kuzaa njiti, tafuta kama walilinganisha wanawake wakiwa kwenye wiki ileile (mfano wote wakiwa wiki ya 30, nani alikuwa amehudhuria mara ngapi) au walijumlisha tu siku ya kujifungua. Kama walijumlisha tu, mi naweka pembeni, hata jarida liwe na jina kubwa vipi.

Asilimia bila namba halisi ni nusu ya habari

Mwaka 2002 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, wote wana presha ya mimba yenye hatari ya kifafa. Nusu walipewa magneziamu salfeti, nusu maji yasiyo na dawa, na aliyepata nini iliamuliwa kwa bahati nasibu. Dawa ilipunguza kifafa cha mimba kwa asilimia 58. Ukisikia hivyo unadhani zaidi ya nusu ya wanawake waliokolewa, ila namba zenyewe ni hivi: wasiopata dawa, kama 19 kati ya 1,000 walipata kifafa, waliopata dawa ni 8 kati ya 1,000. Yaani kwa kila wanawake 1,000 waliopewa dawa, 11 waliepushwa na kifafa. Kwangu hiyo ni kubwa, dawa ni ya bei ndogo na kifafa kinaua, lakini sasa unajua unazungumzia nini.

Na ukigeuza upande wa pili, "hatari inaongezeka mara mbili" inaweza kuwa kutoka 1 kati ya 10,000 kwenda 2 kati ya 10,000. Bila namba ya kuanzia, usimtishe mtu.

Kwa nini alimeza dawa hiyo?

Mama hamezi dawa bila sababu, anameza ana homa, ana maumivu, ana maambukizi. Mtoto akipata shida, ni dawa au ni ile homa? Parasetamoli ni mfano mzuri kwa sababu imegombaniwa sana, eti ukiimeza na mimba inaleta usonji (autism) kwa mtoto. Mwaka 2024 watafiti wa Sweden walitoa kazi yao ya watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipolinganisha watoto wote kwa ujumla waliona ongezeko dogo la hatari. Walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, mimba moja alimeza na nyingine hakumeza, ongezeko likapotea. Maana yake kuna mambo ya kifamilia, kurithi na afya ya mama mwenyewe, yaliyokuwa yanaifanya dawa ionekane mkosaji. Njia ya ndugu nayo ina mapungufu yake, huenda mimba ile aliyomeza ndo alikuwa anaumwa zaidi, ila inamzidi mbali aliyelinganisha mama mgonjwa na jirani yake mzima.

Swali dogo la kuongezea hapo: walimuuliza mama lini? Aliyeulizwa baada ya mtoto kuonekana ana tatizo anakumbuka kila kidonge, mwenye mtoto mzima hakumbuki hata alichokula.

Ilifanya kazi wapi?

Sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto zilianzia New Zealand, madaktari Liggins na Howie walitoa matokeo yao 1972, na baadaye zikawa kawaida kwa mama anayekaribia kuzaa njiti. Vizuri. Ikaja 2015, jaribio kubwa la ACT kwenye nchi sita za kipato cha chini na cha kati likazisambaza hadi ngazi za chini za huduma, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla havikupungua, viliongezeka kidogo! Watu wakachanganyikiwa. Halafu 2020 jaribio la ACTION la Shirika la Afya Duniani, Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, likaonesha vifo vya watoto wachanga vimeshuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6 kwa waliopata dawa.

Jamii ileile ya dawa, majibu mawili. Tofauti moja kubwa: ACTION ilikuwa kwenye hospitali zenye uwezo wa kujua umri wa mimba kwa ultrasaundi na kumhudumia njiti akizaliwa. ACT wengi waliochomwa sindano hawakuishia kuzaa njiti, na kulikuwa na dalili za maambukizi zaidi kwa akina mama. Kwahiyo ukisoma dawa imeokoa watoto, nenda kwenye maelezo ya hospitali uone walikuwa na nini: oksijeni, namna ya kumpa mtoto joto, antibiotiki, wauguzi wangapi. Mara nyingi yameandikwa kwa ufupi sana, aya moja hivi, na ni aya ninayoisoma mara mbili.

Ukigonga linki ukakuta wanataka hela, tafuta jina la utafiti kwenye PubMed (tovuti ya kutafutia tafiti za afya), mara nyingi kuna nakala ya bure pembeni. Ikikosekana, barua pepe ya mwandishi mkuu inakuwa ukurasa wa kwanza, mwandikie mistari miwili ya adabu umuombe PDF. Wengi wanafurahi mtu kuwasoma.