Somo: Sarafu Zilizopewa Daraja, na Namna ya Kuipima Lebo Kabla ya Kuilipia

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wanaokusanya sarafu za Afrika Mashariki, hasa wale walioanza kununua mnadani sarafu zilizofungwa ndani ya kasha la plastiki lenye lebo ya daraja, yaani namba inayoonyesha ubora wa sarafu. Wengi wameuliza kama tofauti ya namba moja kwenye lebo, tuseme kutoka MS63 hadi MS64 (MS ni alama ya sarafu isiyotumika), inastahili nyongeza ya bei inayodaiwa. Kwa maoni yangu mara nyingi haistahili, lakini sitaki mnisadiki kwa neno tu; nataka kila mmoja aweze kujipimia mwenyewe.

Hatua ya kwanza: fahamu namba inatoka wapi

Kipimo cha 1 hadi 70 kilipendekezwa mwaka 1949 na Dkt. William Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akikusanya senti kubwa za shaba za zamani za nchi yake. Nia yake ilikuwa kulinganisha bei, yaani senti ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa kiasi cha kutambulika kwa shida. Uwiano huo wa bei ulivunjika upesi, lakini namba zikabaki, na katika miaka ya 1970 American Numismatic Association, chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Marekani, ikazitumia kwa sarafu za aina nyingine. Kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzipa daraja zikafuata: PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, na tangu hapo sarafu ikaanza kufungwa kashani pamoja na namba yake.

Madaraja ya 1 hadi 58 ni ya sarafu zilizotumika, na 60 hadi 70 ni ya zile ambazo hazikuingia katika mzunguko. Maana yake ni kwamba ngazi 11 za juu, ambako fedha nyingi hutolewa, zote ni za sarafu zisizo na uchakavu. Kinachozitenganisha ni alama za kugongana na sarafu nyingine, nguvu ya chapa (jinsi picha ilivyogandamizwa kwenye chuma), mng'ao wa kiwandani na mvuto wa jumla kwa macho. Hakuna rula inayopima mambo hayo manne kwa pamoja. Mkaguzi mmoja atausamehe mkwaruzo kwa sababu mng'ao ni mzuri, na mwenzake hatausamehe, na wote wawili watakuwa wamefuata kanuni zilezile. Jambo hili si siri: mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki PCGS ikidai kwamba matangazo yake yalitia chumvi kuhusu uthabiti wa madaraja, na shauri hilo likamalizika kwa makubaliano.

Hatua ya pili: jifunze kutofautisha chapa hafifu na uchakavu

Hapa ndipo wakusanyaji wa sarafu zetu hupoteza fedha nyingi zaidi, na nitakaa hapa kwa muda. Chukueni mfano wa sarafu ya dhahabu ya Rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliifunga pwani, koloni la Wajerumani likakosa fedha kutoka Berlin, na utawala ukaamua kupiga sarafu zake wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Kwa hiyo tunazungumzia kazi ya haraka, iliyofanywa vitani, mahali palipojengwa kwa ajili ya kutengeneza treni. Sarafu nyingi zilizotoka hapo zina chapa isiyo sawa, na hali ni hiyohiyo kwa heller 20 za shaba na za shaba nyeupe zilizopigwa katika mji huo. Mtu aliyezoea sarafu za kiwanda cha Philadelphia, Marekani, anaweza kuiona Rupia 15 ambayo haikutumika hata siku moja na akadhani imepita mikononi mwa watu kwa miaka.

Zima taa zote za chumbani isipokuwa moja, shika sarafu kwa kingo zake, kisha iinamishe na kuizungusha polepole. Katika sarafu isiyotumika, ukanda wa mwanga huzunguka juu ya uso wote. Ukanda huo ukikatika kwenye bega la tembo au kifua cha tai, chukua lenzi ya kukuza mara tano uitazame sehemu hiyo. Uchakavu huacha uso laini, uliosawazishwa, wenye rangi iliyofifia. Chapa hafifu huacha vijishimo na mistari midogo iliyokuwapo kwenye kipande tupu cha dhahabu kabla hakijapigwa, kwa kuwa shinikizo halikutosha kuifuta. Tofauti hiyo haionekani vizuri katika picha ya mnada, na ndiyo sababu nashauri kila mwanachama aishike sarafu moja ya Tabora, hata ya shaba ya bei ndogo, kabla ya kununua ya dhahabu kwa kutazama picha.

Hatua ya tatu: pima uthabiti wa madaraja kwa kutumia kumbukumbu za minada

Nyumba kubwa za mnada kama Heritage ya Marekani na Künker ya Ujerumani huweka wazi picha na bei za mauzo yaliyopita. Chagua sarafu ya aina moja, kutoka nyumba moja ya mnada, kwa sababu taa za wapiga picha hutofautiana na mwanga tofauti hubadili sura ya mikwaruzo. Kusanya picha za sarafu za madaraja ya 61 hadi 64, mwombe ndugu au rafiki akufichie lebo, kisha zipange wewe mwenyewe kutoka mbaya hadi nzuri. Lebo zikifunuliwa utaona kwamba za 61 na za 64 zimeachana vizuri kwa kiasi kikubwa, ilhali za 62 na 63 zimechanganyika. Mchanganyiko huo ndio upana halisi wa kosa, na haufai kulipiwa kana kwamba ni kipimo.

Baada ya hapo tafuta sarafu ileile iliyouzwa zaidi ya mara moja. Dhahabu ni laini, hivyo kila sarafu ina mikwaruzo yake inayoitambulisha. Ukiona mkwaruzo uleule mahali palepale, chini ya lebo yenye namba nyingine, umepata ushahidi ambao hakuna tangazo linaloweza kuupinga.

Fanya jaribio hilohilo kwako pia. Zipe daraja sarafu zako mwenyewe, andika namba kwenye daftari, funga daftari, na urudie baada ya mwezi mmoja. Atakayeona mkono wake mwenyewe ukitofautiana kwa namba moja au mbili atawahukumu wakaguzi kwa haki zaidi.

Hatua ya nne: elewa kwa nini lebo hupanda zaidi ya kushuka

Mwenye sarafu anaruhusiwa kuvunja kasha na kuituma sarafu tena kwa kampuni ili ipewe daraja upya. Tuseme sarafu iko mpakani kabisa, kiasi kwamba kila ikitumwa ina nafasi sawa ya kupata 64 au 65. Ikitumwa mara tatu, nafasi ya kupata 65 angalau mara moja ni 7 kati ya 8. Mwenye sarafu atasimama hapo na kuiuza. Hakuna atakayevunja kasha la 65 ili atafute 64. Kwa hiyo hata kama wakaguzi hawana upendeleo wowote, sarafu za mpakani zinazofika sokoni huwa zimeegemea namba ya juu, na anayezinunua hulipia bahati ya mwenzake. Isitoshe, kila utumaji huhesabiwa katika orodha ya idadi ya sarafu kwa kila daraja, na lebo za zamani zisiporudishwa ili zifutwe, sarafu moja huonekana kama tatu. Orodha ikisema ziko 30 za daraja fulani, isomeni kama kikomo cha juu cha zilizofika hapo.

Hatua ya tano: nunua

Hakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, kwa sababu makasha ya kughushi yapo. Amua bei ya juu kabisa utakayolipa ukiwa umeitazama sarafu kabla ya kuitazama lebo. Na usiidharau AU58 (AU ni alama ya sarafu iliyokaribia kutotumika): sarafu iliyoguswa kidogo tu na matumizi, lakini yenye uso safi, mara nyingi hupendeza kuliko MS61 iliyojaa alama, na bei yake huwa ya chini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, babu aliniachia shilingi za Afrika Mashariki za mwaka 1922 ambazo zimekuwa nyeusi. Je, nizisafishe kabla ya kuzituma?

Jibu: Usizisafishe, ndugu yangu, hata kwa maji ya limau wala dawa ya meno. Shilingi hizo zina fedha asilimia 25 tu, na weusi huo ni wa kawaida. Sarafu iliyosuguliwa hurudishwa bila namba, ikiwa na maelezo tu kwamba imesafishwa, na uharibifu huo haurekebishiki. Zaidi ya hayo, shilingi nyingi za mwaka huo hazifikii gharama ya ada, usafirishaji na bima.

Mwanachama wa Mombasa: Ninazo senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII. Kwa kuwa alitawala chini ya mwaka mmoja, je, si adimu?

Jibu: Jina lake ni adimu katika sarafu za dunia, lakini senti hizo zenyewe zilipigwa kwa wingi. Zilitolewa kwa sababu zina tundu katikati na hazikuhitaji picha ya mfalme. Kinachobeba bei ni rangi: lebo za shaba huandikwa RD kwa iliyobaki nyekundu, RB kwa mchanganyiko, na BN kwa iliyokuwa kahawia. Tuma tu iliyobaki nyekundu karibu yote, na ujue kwamba mpaka kati ya RD na RB una utata uleule nilioueleza.

Mwanachama aliyeko Muscat: Kampuni mbili zimeipa sarafu yangu namba mbili tofauti. Nimwamini nani?

Jibu: Zichukue zote mbili kama maoni ya watu wenye uzoefu, kisha rudi kwenye taa na lenzi. Ukitaka maoni ya tatu, jambo la maana ni kumtafuta aliyeshika sarafu nyingi za aina hiyo hasa. CAC, kampuni ya Marekani inayokagua upya sarafu zilizokwisha kupewa daraja, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilipata jina kwa kubandika alama ya kijani kwenye makasha ya sarafu za Marekani inazoziona zinastahili namba yake. Kwa sarafu zetu inabidi tutegemeane sisi wenyewe na wauzaji wachache waliobobea.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Je, ni halali kuzituma sarafu za kale nje ya nchi?

Jibu: Kabla ya kutuma chochote cha zamani, uliza Idara ya Mambo ya Kale na upate jibu la maandishi, kisha beba nakala yake pamoja na mzigo.

Mwanachama wa Nairobi: Nimenunua Rupia 15 ya Tabora ambayo lebo inasema pambo la kulia linaishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, lakini mimi naona linaishia chini ya A ya kwanza. Je, dhamana ya kampuni itanilipa?

Jibu: Umefanya sawasawa kuitazama sarafu kwanza. Aina hizo mbili zote zipo, na bei zake hazilingani. Dhamana za kampuni hizi kwa kawaida hazilipi makosa ya wazi ya uandishi wa lebo, bali hukubali kuyasahihisha. Piga picha ya karibu ya pambo hilo na herufi zilizo juu yake, iandikie kampuni ukitaja namba ya cheti, na usivunje kasha wewe mwenyewe. Muuzaji naye mjulishe siku hiyohiyo, kwa maana muda wa kurudisha bidhaa za mnada huwa mfupi.