Jinsi ya kuitambua manowari ya kubeba ndege katika picha ya zamani

Mimi huanza na mnara wa uongozaji. Jiweke juu ya sitaha, uso uelekee omo, yaani mbele ya meli. Mnara ukiwa kulia, bado hujajua mengi, maana karibu zote ziko hivyo. Ukiwa kushoto, moyo hunienda mbio: huenda ni Akagi au Hiryu za Japani, zilizoangamia katika mapigano ya Midway, Bahari ya Pasifiki, Juni 1942. Ila hakikisha kwanza picha haikugeuzwa ilipokuwa ikisafishwa. Niliwahi kushangilia Hiryu siku nzima, hadi nilipochukua lenzi nikaona namba ya omoni inasomeka kinyume.

Hakuna mnara kabisa? Fikiria Argus ya Uingereza, 1918, au Langley ya Marekani, 1922.

Dohani pana kama ukuta, iliyotengana na mnara, ni ya Lexington au Saratoga za Marekani. Hapa usiharakishe. Tafuta mstari mweusi wa wima kwenye dohani: Saratoga ilipakwa ili rubani akiwa angani asiichanganye na pacha wake. Napenda sana alama hiyo.

Njia ya kutua ikikata mshazari kuelekea kushoto, picha si ya kabla ya 1952.