Mbolea ya ruzuku: anza kwa mtendaji wa kijiji, si dukani

Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya, Agosti 8, 2022, mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 uliokuwa umefika takriban shilingi 130,000 ulishuka hadi 70,000. Mimi ni bwana shamba Nyanda za Juu Kusini, na wengi ninaowaona wakiikosa mbolea hiyo hawakukosea dukani. Walikosea kwenye ofisi ya kijiji, miezi kadhaa nyuma.

Hatua ya 1: Jiandikishe mapema
Ukishavuna, nenda kwa mtendaji ukiwa na kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Ekari usizikisie, maana mgao hufuata ukubwa wa shamba na zao. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Zipime, au tuite tukusaidie. Uliandikishwa zamani na sasa umeongeza shamba? Rudi uhuishe taarifa.

Namba ya simu iwe yako mwenyewe, maana namba ya ruzuku, ile utakayonunulia mbolea, hutumwa kwa ujumbe kwenye simu hiyo. Mama mmoja aliandikisha laini ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Ujumbe wenye namba ya ruzuku ukamfikia kijana, akaufuta akidhani ni tangazo. Mama alinijia mahindi yakiwa kimo cha goti, majani ya njano. Tulirekebisha taarifa zake, lakini msimu ulikuwa umeshaharibika. Inaniuma mpaka leo.

Hatua ya 2: Itunze namba yako ya ruzuku
Iandike kwenye daftari. Usimwachie wakala hata kama mnajuana. Mfuko ukitoka kwa namba yako, mfumo unahesabu umechukua wewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu
Kwa ekari ya mahindi, anza na mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia. Ya kupandia inunue kabla ya Novemba, kabla foleni hazijaanza.

Hatua ya 4: Dukani
Wakala ataingiza namba yako na kuskani alama iliyo kwenye mfuko. Uliza bei elekezi, dai risiti, kagua mshono: mfuko uliofumuliwa na kushonwa upya ukatae. Kisha subiri ujumbe wa simu. Ujumbe ukisema mifuko mitatu nawe umepewa miwili, usitoke hapo mpaka kieleweke. Ikishindikana, mfikishie mtendaji siku hiyo hiyo, risiti mkononi.