Kabla ya kwenda kupima PCOS, waulize wa kwa mama na wa kwa baba

Mwanamke wa Mtwara au Lindi akianza kuota ndevu kidevuni, au akipitisha miezi mitatu bila hedhi na hana mimba, mara nyingi huambiwa homoni zimevurugika, kisha anauziwa unga wa majani. Wachache huulizwa swali lenye faida zaidi: kwenu nani mwingine yuko hivi? Swali hilo lina uzito wake. PCOS, hali ambayo mayai hayapevuki kwa mpangilio na homoni za kiume huzidi mwilini, hutembea katika familia. Utafiti wa mapacha uliofanyika Uholanzi na kutolewa mwaka 2006 ulikadiria kuwa takriban asilimia 70 ya tofauti kati ya mwanamke na mwanamke katika kuipata hutokana na urithi.

Basi maandalizi yanaanzia nyumbani, na huku Kusini yana mtego wake. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Msichana anaweza kuyajua mambo ya mama zake wadogo hadi ya bibi mzaa mama, lakini hajawahi kumuuliza lolote shangazi yake wa Newala. Jeni, yaani vinasaba vya urithi, hazifuati mila hiyo. Nusu yake imetoka kwa baba, ambaye hana ovari lakini anaweza kubeba jeni za hatari na kumpa binti. Kwa hiyo shangazi aulizwe, na wanaume pia watazamwe: nani ana kisukari, nani alipata upara akiwa kijana, nani ana kitambi kisichoisha. Watafiti waliochunguza wanaume waliorithi jeni nyingi za hatari ya PCOS waliona kuwa nao huelekea unene, kisukari cha aina ya pili na upara.

Namna ya kuuliza ndiyo kazi. Bibi wa miaka sabini hatalijua jina la PCOS, na ukimuuliza nani hakuzaa katika ukoo utakuwa umegusa kidonda cha mtu. Amkia kwanza, kaa, halafu uliza yanayoonekana. Hedhi zake zilikuwa zinaruka miezi? Mtoto wa kwanza alichukua muda gani kuja baada ya ndoa? Kuna aliyeota ndevu akiwa bado wa kuzaa, au aliyeambiwa ana sukari wakati wa mimba? Anayeona haya kwa mama yake amwendee somo wake. Mafunzo ya unyago yamempa mtu ambaye mazungumzo ya hedhi kwake si aibu, na sioni kwa nini nafasi hiyo iishie siku ya kutoka.

Ukishapata majibu, usiyageuze hukumu. Hakuna jeni moja ya PCOS. Mwaka 2011 watafiti wa China walitangaza maeneo matatu ya vinasaba yanayohusika, likiwemo la jeni iitwayo DENND1A, ambayo aina yake mojawapo ikizidi katika chembe za ovari husukuma utengenezaji wa homoni za kiume. Kufikia 2018, uchambuzi wa wanawake zaidi ya 10,000 wenye hali hii, wa asili ya Ulaya, ulihesabu maeneo 14. Mengine yanagusa homoni ya kukuza mayai, mengine yanaelekea kwenye insulini na uzito. Kila moja lina nguvu ndogo sana. Korosho moja haishushi mzani wa ghalani, gunia ndilo linaloshusha, na uzito wa mwili na maisha nayo huongeza au kupunguza mzigo. Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Ndiyo maana pia, kwa maoni yangu, kulipia kipimo cha vinasaba ili kujua kama una PCOS ni kutupa hela. Tafiti kubwa nyingi zimefanywa kwa Wachina na Wazungu, na hakuna hospitali inayothibitisha hali hii kwa jeni.

Daktari hutafuta dalili mbili kati ya tatu: hedhi zisizo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Vifuko hivyo hubeba mayai machanga yaliyokwama, si uvimbe wa kukatwa. Tangu 2023 mwongozo wa kimataifa unaruhusu kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko hivyo, badala ya ultrasaundi kwa watu wazima. Binti ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo hapimwi kwa ultrasaundi wala AMH kwa ajili hii, maana ovari zenye vifuko vingi ni kawaida katika umri huo.

Nenda na tarehe za hedhi zilizoandikwa, si za kukisia. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima, chini ya siku 21 au zaidi ya 35 ni jambo la kumweleza daktari. Taja sindano, kijiti au vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa vinaweza kubadili hedhi na majibu ya homoni. Usiviache kabla ya kushauriana naye. Mimba ipimwe kwanza. Tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, nazo zipimwe, kwani dalili za hitilafu zake hufanana na za PCOS. Kipimo cha sukari omba hata kama wewe ni mwembamba, na uulize kama unatakiwa kufunga kula.

Kabla ya kupanda gari kwenda hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Mtwara, ulizia kama homoni hupimwa hapo hapo au sampuli husafirishwa, na bima yako inalipa nini.

Na usiyetaka mtoto kwa sasa, endelea na kinga. Yai huweza kupevuka mwezi ambao hukulitarajia.