Kabla hujabuni opsheni za zana ya bakapu

Nenosiri lisiandikwe kwenye amri. Yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza kuliona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Lisomwe kwenye faili, kama PostgreSQL, programu ya kanzidata, inavyosoma faili lake la manenosiri, .pgpass, na faili likiwa wazi kwa wengine, zana ilipuuze.

Bakapu ikishindikana, zana itoke na namba ya kosa isiyo sifuri. GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, walipofuta data kwa bahati mbaya Januari 2017, ndipo walipogundua kuwa bakapu za kila siku hazipo: pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa bakapu, ya toleo 9.2 ilikuwa ikigoma mbele ya kanzidata ya 9.6, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa.

Sasa kurejesha. Hapa soma polepole. pg_restore, zana ya PostgreSQL ya kurejesha bakapu, ina opsheni -c ndogo, inayofuta vilivyopo kwanza, na -C kubwa, inayounda kanzidata upya. Ukitumia -C, jina unalotaja kwa -d ni mlango wa kuingilia tu. Data inakwenda kwenye kanzidata ambayo jina lake limo ndani ya bakapu. Mwongozo unasema hivyo, lakini nani anafungua mwongozo saa tano usiku? Mwenzetu mmoja ofisini alitaka kujaribu bakapu ya mfumo wa mishahara. Akaunda kanzidata "majaribio", tena kwenye seva ileile ya kazi, akaandika -c -C -d majaribio. Mfumo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, kwa hiyo hapakuwa na muunganisho wowote wa kuzuia ufutaji. "Majaribio" ikabaki tupu. Mishahara ikafutwa, ikarudi ilivyokuwa Jumapili, na kazi ya wahasibu ya wiki ile yote ikapotea. Amri ilimaliza bila kosa hata moja!

Kwa hiyo opsheni inayofuta usiipe herufi moja, sembuse herufi inayotofautiana na nyingine kwa Shift tu. Ipe neno refu. Zana itaje seva na kanzidata itakayoguswa kweli, kisha mtu aandike jina hilo mwenyewe. "Y" haitoshi, vidole vimeshaizoea. Pasipotajwa pa kurejesha, igome. pg_restore yenyewe hugoma hivyo tangu toleo la 12, usipoipa -d wala -f.

Weka pia namna ya kuonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Nafasi ya diski ikaguliwe mwanzoni, si katikati. Na opsheni ya zamani usiibadilishe maana kimyakimya, kuna cron ya mtu, yaani amri inayojiendesha kwa ratiba, inaitegemea.