Jinsi ya Kuandaa Utafiti wa Chanjo ya Kunywa Inayobebwa na Chembe Nano za Dhahabu: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Maabara Dodoma

Mwanafunzi wa uzamili anayevutiwa na matumizi ya metali katika tiba kwa kawaida huanza na metali yenyewe, akatengeneza chembe zake, akazipima, kisha ndipo akatafuta kazi ya kuzipa. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume. Kutengeneza chembe nano za dhahabu (chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita) ni kazi ya asubuhi moja, lakini kuifikisha protini ya chanjo kwenye utumbo ikiwa nzima, na kuufanya mwili uitambue kuwa ni adui wala si chakula, ndiko kunakoamua kama utafiti una maana. Kwa hiyo anza kwa kuuelewa utumbo, halafu urudi kwenye dhahabu.

Dhahabu imechaguliwa hapa kwa sababu za msingi. Haishiki kutu, ukubwa wa chembe zake hudhibitiwa kwa urahisi, na protini huishikilia vizuri, hasa kupitia salfa. Si ngeni hata katika zahanati za Chamwino na Bahi: mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni chembe nano za dhahabu zilizobeba kingamwili. Chembe za oksidi ya chuma nazo hutumika kutibu upungufu wa damu na kung'arisha picha za mwili. Fedha hutumika kwenye bandeji za majeraha ya moto kwa kuwa ayoni zake huua bakteria, ila dawa za kunywa zenye fedha zinazouzwa kama kinga ya kila ugonjwa hazina faida iliyothibitishwa, na zinaweza kuibadilisha ngozi ya mtu kuwa ya kijivu na ikabaki hivyo. Usiichague fedha kubeba chanjo ya kunywa.

Kikwazo ni utumbo

Chanjo za kunywa si jambo jipya kwetu. Watoto hupewa matone ya polio, chanjo ya rota imo katika ratiba ya Tanzania Bara tangu mwaka 2013, na Zanzibar ilitumia chanjo ya kunywa ya kipindupindu mwaka 2009. Angalia jambo moja zinaloshirikiana: zote zina kijidudu kizima, kiwe hai kilichopunguzwa makali au kilichouawa. Mpaka sasa hakuna chanjo ya kunywa inayobebwa na dhahabu iliyoidhinishwa kwa binadamu, na protini tupu ikimezwa hukutana na vizuizi viwili vikubwa. Kwanza, asidi ya tumbo na kimeng'enya cha pepsini huikatakata kabla haijafika mbali. Pili, hata kipande kinachosalimika huchukuliwa kama chakula, kwa sababu kinga ya utumbo imezoea kunyamaza mbele ya protini zinazopita kila siku, na protini iliyolishwa peke yake inaweza kuufundisha mwili kuivumilia badala ya kuipinga. Matokeo hayo ni mabaya kuliko kutopata kinga kabisa, na mtafiti asiyeyatarajia anaweza kuyasoma vibaya.

Kuna pia suala linalotugusa zaidi sisi wa nchi maskini. Katika majaribio ya chanjo ya rota yaliyochapishwa mwaka 2010, kinga dhidi ya kuhara kukali ilikuwa takriban asilimia 77 Afrika Kusini, lakini takriban asilimia 49 Malawi, ingawa chanjo ilikuwa ileile. Sababu zinazotajwa ni pamoja na kuvimba kwa utumbo kunakotokana na mazingira machafu, kingamwili za mama, vijidudu vingine vinavyoshindana na chanjo, na utapiamlo. Katika mikoa ya Dodoma na Singida, ambako udumavu wa watoto bado unatusumbua, chanjo iliyofanya vizuri kwenye panya mwenye afya na anayelishwa vizuri haijathibitisha mengi. Andika hoja hii katika pendekezo lako la utafiti tangu ukurasa wa kwanza.

Maji kwanza, dhahabu baadaye

Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka kwenye visima vya Makutupora, na wakazi wanajua ladha yake ya chumvichumvi. Kwa kunywa ni jambo la kuzoea, lakini kwa chembe za dhahabu ni sumu. Chembe zilizofunikwa kwa sitrati (chumvi ya asidi ya sitriki) hukaa mbalimbali kwa sababu zote zina chaji hasi na husukumana. Ayoni za chumvi huufunika msukumano huo, chembe hugandamana, na rangi nyekundu hugeuka zambarau kisha bluu. Kwa hiyo tumia maji yaliyoondolewa ayoni, pima upitishaji wake wa umeme kabla ya kila kazi, na usiridhike na maji yaliyochemshwa au kuchujwa tu. Vyombo vya kioo vioshwe kwa mchanganyiko wa sehemu tatu za asidi hidrokloriki na sehemu moja ya asidi ya nitriki, ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa umevaa miwani na glavu. Mchanganyiko huo usifungiwe ndani ya chupa kamwe, kwa kuwa hutoa gesi na unaweza kuipasua. Baada ya hapo suuza mara nyingi kwa maji yaleyale safi.

Njia inayofaa kuanzia ni ile ya Turkevich na wenzake ya mwaka 1951, iliyoboreshwa na Frens mwaka 1973. Chemsha mililita 100 za asidi ya kloroauriki yenye nguvu ya asilimia 0.01, ukikoroga bila kukoma kwa kikorogeo cha sumaku, kisha umimine kwa mkupuo mililita 2 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1. Kimiminika cha manjano hafifu kitapoteza rangi, kitakuwa cheusi chenye ubluu, kisha kitatulia katika wekundu wa divai, na chembe zitakuwa na kipenyo cha takriban nanomita 16. Ukipunguza sitrati hadi mililita 1, chembe zitakaribia nanomita 40. Kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yako yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hilo halizuii mmenyuko, lakini andika joto halisi kwenye daftari, na uendelee kuchemsha kwa dakika kadhaa baada ya rangi kutulia.

Thibitisha kwa spektrofotomita: kilele cha ufyonzaji wa mwanga kiwe karibu na nanomita 520, chembamba, bila mkia mrefu kuelekea 650. Picha ya hadubini ya elektroni ni lazima kabla ya kuchapisha, lakini si ya kila siku.

Wapo watakaokushauri utumie maganda au mbegu za zabibu za Dodoma badala ya sitrati, na ni kweli kwamba kemikali zilizomo zinaweza kuibadili chumvi ya dhahabu kuwa chembe. Kwa kazi ya kupima maji au kutengeneza kitambuzi, ni wazo zuri. Kwa chanjo silipendekezi, kwa sababu kila mavuno yana mchanganyiko wake, na mabaki ya mmea yanaweza yenyewe kuichokoza kinga, hata usijue ni kipi kilichofanya kazi.

Kuibandika protini na kuipa ngao

Anza na ovalbumini, protini ya ute wa yai, kwa kuwa tabia zake zinajulikana vizuri na vipimo vyake vinapatikana. Tumia kaboneti ya potasiamu kuipandisha pH ya dhahabu iwe juu kidogo ya pale chaji ya protini inapofikia sifuri, ambapo kwa ovalbumini ni karibu 4.5. Panga mirija midogo yenye mililita 1 ya dhahabu kila mmoja, tia kiasi cha protini kinachopanda hatua kwa hatua, subiri dakika kumi, kisha ongeza mikrolita 100 za chumvi ya kawaida ya asilimia 10. Chumvi uliyoikwepa mwanzoni sasa ndiyo mpimaji wako: mirija yenye protini pungufu itageuka bluu, na ule wa kwanza kubaki mwekundu unakuonyesha kiasi cha chini kinachozifunika chembe zote. Ongeza kidogo juu ya hapo, zungusha kwenye sentrifyuji, na upime protini iliyobaki kwenye maji ya juu ili ujue kwa hesabu ni kiasi gani kilichoshikwa.

Dhahabu haiizuii pepsini. Ngao lazima itoke kwenye tabaka lingine, na alginati (utomvu wa mwani) iliyogandishwa kwa kalisiamu ni chaguo linalomudika: husinyaa kwenye asidi na kulegea pH inapokaribia ya kawaida. Tabaka la nje la kitosani, kitu kinachotengenezwa kutokana na magamba ya kamba, husaidia kunata kwenye ute wa utumbo, karibu na seli M zinazokusanya chembe na kuzipeleka kwa seli za kinga kwenye viraka vya Peyer, yaani vituo vya kinga vilivyo ukutani mwa utumbo.

Kabla ya kumgusa mnyama yeyote, fanya jaribio la bika, yaani ndani ya chombo cha kioo. Weka sampuli kwa saa mbili kwenye kimiminika cha pH 1.2 chenye pepsini, nyuzi 37, kisha uihamishie kwenye pH 6.8 yenye pankreatini, mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho. Kila unapochukua sampuli, izimue asidi papo hapo, la sivyo pepsini itaendelea kukata ndani ya mrija na utailaumu ngao isiyo na kosa. Pima kwa jeli ya umeme na kwa ELISA (kipimo kinachotambua protini kwa kutumia kingamwili), ukiwa na protini tupu, dhahabu yenye protini bila ngao, na dhahabu tupu kama vilinganishi. Rangi ya dhahabu yenyewe huvuruga vipimo vinavyosomwa kwa rangi. Pima pia endotoksini (sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria), kwa sababu ovalbumini ya dukani mara nyingi imechafuliwa nayo, na endotoksini huamsha kinga ambayo mtafiti anaweza kuihesabia dhahabu.

Protini isipobaki nzima hapa, usiendelee. Kutumia panya katika hali hiyo ni kuwatesa bila sababu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatukumbusha wajibu wetu. Ikibaki, omba kibali cha maadili, na ukague masharti ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu kemikali mapema, kwani kuagiza chumvi ya dhahabu huchukua muda. Makundi ya panya yasikose waliopewa protini tupu kwa mdomo, dhahabu tupu, protini pamoja na sumu ya kipindupindu (kichocheo cha kinga) kwa mdomo, na protini ya sindano yenye alamu (chumvi ya alumini inayochochea kinga). Panya wa gramu 20 anyweshwe kwa mrija kiasi kisichozidi mililita 0.2, na mtu aliyefunzwa. Dozi tatu zikipishana wiki mbili zinatosha kuanzia. Pima kingamwili aina ya IgG kwenye damu, lakini zaidi zile za IgA kwenye kinyesi, kwa kuwa ndiyo inayolinda utumbo; kinyesi kitiwe vizuizi vya vimeng'enya mara tu kinapokusanywa.

Sambamba na hayo, gawa akiba yako katika nyuzi 4, 25 na 40, na kila wiki usome kilele cha ufyonzaji na kiasi cha protini nzima. Dhahabu isiyo na kikinga-barafu maalumu isigandishwe kabisa, kwa maana barafu huzisukuma chembe pamoja na hazitengani tena zinapoyeyuka. Kama friji ya maabara hugandisha nyuma, weka chupa zako rafu ya mbele.